Mikono ya Sahihi

Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mumewe akiwa bado anahangaika na soksi, Mwalimu alifungua boneti ya gari, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukishika mbele ya miwani yake kama mtu anayesoma kipimajoto cha mtoto mgonjwa. Gari lilikuwa na miezi saba. Viti vya nyuma bado vilikuwa na nailoni za dukani, maana mumewe alikataa zitolewe, akisema kitu kipya hakivuliwi nguo siku ya kwanza. Ijumaa moja kijiti kilitoka kikavu. Si kwamba kilikuwa na oili kidogo. Kilikuwa kikavu kiasi cha kuchokonolea meno.

Alikuwa ameongeza lita nzima wiki tatu tu zilizopita. Aliinama akatazama chini ya gari. Saruji ilikuwa safi. Aliwasha injini, akaenda nyuma, akaweka karatasi nyeupe mbele ya bomba la moshi kwa dakika mbili. Karatasi ilibaki nyeupe.

"Limekunywa tena?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu.

"Limekunywa."

"Heri lenyewe. Mimi nimewekewa nusu lita kwa siku, chai ikiwamo."

Mumewe aliitwa Mzee Ramani na mtaa mzima, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mpima ardhi. Alistaafu yeye kwanza, mwaka uliofuata zikastaafu figo zake. Mara mbili kwa wiki alikwenda kusafishwa damu katika hospitali ya mji wa jirani, kilomita tisini kwenda na tisini kurudi, na gari lilinunuliwa kwa safari hiyo na si kwa nyingine. Kule hospitali wauguzi walimpima uzito akiingia, wakampima akitoka, wakaandika hadi kipande cha barafu alichonyonya. Mwalimu alipapenda mahali pale kuliko alivyothubutu kusema. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na hakuna kilichomtuliza moyo kama nyumba ambamo kinachoingia na kinachotoka vinalinganishwa kabla watu hawajaenda nyumbani.

Alimimina chupa ya akiba iliyokuwa kwenye buti, wakaondoka.

Kesho yake alilipeleka gari kwa Fundi Nati, mwenye gereji ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Fundi Nati alilala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akaingia chini ya gari mpaka zikabaki ndara zake, akakaa huko muda mrefu kama mtu aliyealikwa. Alipotoka alikuwa msafi kuliko alivyoingia.

"Chini pakavu, Mama. Haivuji. Na kwa moshi huo, haiungui."

"Inakwenda wapi?"

"Ningekuwa najua, ningekuwa na gereji ya vioo." Alijifuta mikono kwa mazoea. "Magari ya aina hii nimeyaona manne mwezi huu, yote mapya, yote na kiu. Kwa desturi ni ringi za pistoni. Kiwandani zimekaa vibaya, zinaachia oili ipande juu. Lakini nikigusa boliti moja tu, Kampuni watasema mimi ndiye niliyeharibu, na waranti yako itakufa papo hapo. Nenda kwao, Mama."

"Gari jipya, Fundi."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

Jengo la Kampuni lilikuwa la vioo kutoka chini mpaka juu, na magari yalikaa ndani juu ya vigae kama wagonjwa wa daraja la kwanza. Mwalimu alichukua namba, akakaa, akaitwa kaunta ya tatu, dawati la malalamiko. Mtu wa kaunta ya tatu aliinuka kabla hajamfikia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alimtazama. Nywele zilikuwa zimepungua na tai ilikuwa imeongezeka, lakini masikio yalikuwa yaleyale. "Sahihi."

Alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu siku moja alirudisha daftari mbele ya darasa zima, akalalamika kwamba Mwalimu amemwekea alama ya vema kwenye hesabu aliyoikosa. Mwalimu alifundisha watoto wasiopungua elfu mbili, na huyo ndiye pekee aliyewahi kudai anyang'anywe alama. Sasa alikuwa na kibandiko cha jina kifuani na kalamu nzuri, na kazi yake, kama alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa kusikiliza wateja, kuwajibu kwa barua na kuitia barua sahihi. Jina lilikuwa limepata kazi.

Alimsikiliza bila kumkatiza. Aliandika kilomita, tarehe na vipimo. Kisha akanyoosha mgongo na kusema, kwa sauti ambayo Mwalimu hakumfundisha:

"Kampuni inapenda kukujulisha kwamba matumizi ya oili yasiyozidi lita moja kwa kila kilomita elfu moja ni ya kawaida kwa injini za kisasa."

Alipofika kwenye "ya kawaida", oili ilianza kumtoka kwenye mkono wa shati. Ilikuja taratibu kama asali, ikapita juu ya saa yake, ikafuata kidole kidogo na kudondokea kwenye trei ya bati iliyowekwa pale kwa kazi hiyo. Sahihi aliisogeza karatasi aliyokuwa akiandikia pembeni bila kuangalia. Dada wa mapokezi alipita, akaondoa trei iliyojaa, akaweka tupu, akamuuliza Mwalimu kama angependa maji.

"Imekuanza lini hiyo?" Mwalimu aliuliza.

"Tangu gari la aina hii liingie. Mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda. Wamenipima damu, damu haina neno. Daktari akanishauri nivae mikono mifupi. Nikavaa, meneja akasema mikono mifupi si sare."

"Na mkono wa kushoto?"

"Ule mkavu. Ni huu ninaotilia sahihi."

Mwalimu alimpa kitambaa chake. Sahihi alikipokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutumia wa kushoto.

Walikubaliana lifanyike jaribio. Injini ilijazwa oili mpaka kwenye alama, kifuniko kikabandikwa karatasi yenye muhuri, Mwalimu akaambiwa arudi baada ya kilomita elfu moja na asiongeze chochote. Alirudi baada ya wiki tatu akiwa na daftari la mraba lenye kila safari. Sahihi alipima mwenyewe. Alipima mara mbili, kama alivyofundishwa. Zilipungua lita moja na glasi moja. Akaandika neno "Imezidi", akapiga mstari chini yake kwa rula, akapanda nalo ghorofani kwa meneja.

Mwalimu alingoja chini ya picha ya gari linalopita jangwani. Sahihi aliporudi, alikuwa na barua iliyosema vingine.

"Kiwango cha kawaida ni lita moja na nusu, Mwalimu."

"Si lita moja?"

"Kimebadilika."

"Lini?"

"Leo."

"Saa ngapi?"

Sahihi alifuta oili kwenye kioo cha saa. "Saa nne na robo."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Kijana yule alitia sahihi barua, na trei ikapokea.

"Hebu niambie wewe kama wewe," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Hesabu hii imetoka?"

"Haijatoka, Mwalimu." Alikuwa akitazama kalamu. "Nina watoto wawili. Mdogo hakubali nimbebe siku hizi. Anasema anateleza."

Mwalimu alikuwa na jibu, lakini lilikuwa la darasa la sita. Akalimeza, akachukua barua yake.

Jumanne ya wiki iliyofuata, wakiwa wamebakiza kilomita thelathini kufika hospitali, katikati ya mlima, taa nyekundu ya oili iliwaka na injini ikaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Asubuhi ile kijiti kilikuwa kimeonyesha nusu. Chupa mpya ya akiba kwenye buti ilikuwa tupu na kifuniko chake kimefungwa vizuri. Mwalimu alizima injini, akaegesha kando, akapiga simu Kampuni. Aliambiwa asubiri, msaada unakuja. Mzee Ramani alifungua mlango, akatoa miguu nje na kuitazama. Saa mbili ilikuwa imeshapita, na saa mbili ndiyo ilikuwa zamu yake kwenye mashine.

Aliyekuja alikuwa Sahihi, peke yake. Magari yote ya msaada yalikuwa barabara nyingine kwa shida hiyohiyo. Alimsalimu Mzee Ramani kwa kuinama, akafungua boneti, akasimama.

"Oili iko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Stoo imefungwa, Mwalimu. Ufunguo anao meneja, na meneja yuko mkutanoni."

"Umekuja na nini sasa?"

Sahihi alivua koti, akalikunja na kulilaza kwenye kiti. Alifungua kifungo cha mkono wa shati, akafungua kifuniko cha injini, akauingiza ule mkono wa kulia mpaka pale saa ilipoishia. Halafu akasema, kwa sauti ya kazini, "Ni ya kawaida." Ikasikika ikitiririka ndani. Akasema tena. Mwalimu alichukua kijiti akawa anapima, naye Sahihi akawa anasema. Lori lilipita, dereva akapunguza mwendo, akaona mtu ameweka mkono kwenye injini na mama mmoja mwenye miwani anahesabu, akaongeza mwendo.

"Mara ngapi?" Mzee Ramani aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Thelathini na moja," Mwalimu alisema. "Imefika kwenye alama."

"Mimi nilijua mkono wa birika ni wa bahili," Mzee alisema. "Kumbe humimina."

Sahihi alicheka kidogo, cheko la kwanza ambalo Mwalimu alilisikia kutoka kwake tangu awe mtu mzima. Akavaa koti. Alikuwa amepauka midomo.

Walifika hospitali saa nne na nusu. Mashine ya Mzee ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine, na ilipopatikana nyingine, muda uliobaki ulikuwa saa mbili badala ya nne. "Leo tutakusafisha nusu, Baba," muuguzi alisema, akaandika hivyohivyo kwenye faili: nusu. Ilipofika Alhamisi miguu ya Mzee haikuingia tena kwenye kiatu chochote cha nyumba ile. Alilala ameegemea mito mitatu, pumzi zikija fupifupi kama za mtu aliyepandisha ngazi. Mwalimu alikaa kando ya kitanda na kuzihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko alikokujua. Alihesabu pumzi ishirini na nane kwa dakika, baadaye thelathini, na mahali fulani katikati ya hesabu akagundua kwamba anaogopa, akaanza upya kutoka moja.

"Usininunie," Mzee alisema.

"Sijakununia wewe."

"Najua. Lakini mimi ndiye niliye karibu."

Ijumaa walitoka mapema zaidi, Mzee akasafishwa saa zote nne, akarudi na miguu yake. Jumamosi Mwalimu alikuwa gerejini kwa Fundi Nati.

"Nataka kujua ile oili inayomtoka yule kijana ni ya nani."

Fundi Nati hakuona ajabu katika swali hilo. Alikwenda kwenye rafu, akarudi na kichupa kidogo. "Hii ni rangi. Sisi tunaitia ndani ya oili tukitafuta panapovuja. Haina madhara kwa injini. Tia hiyo, kisha nenda ukamtazame."

Jumanne, baada ya safari ya hospitali, Mwalimu alipitia Kampuni, Mzee akiwa amesinzia garini. Kaunta ya tatu ilikuwa na wateja wawili mbele yake. Sahihi alimwambia wa kwanza kwamba ni ya kawaida, ikatoka nyeusi. Alimwambia wa pili, ikatoka ya rangi ya kahawia. Zamu ya Mwalimu ilipofika, hakuuliza kitu ila kama matumizi ya gari lake ni ya kawaida.

"Ni ya kawaida, Mwalimu."

Ilitoka nyekundu, nyekundu kama wino aliosahihishia madaftari miaka thelathini na minne. Ilipita juu ya saa, ikadondoka. Wote wawili waliitazama kwenye trei.

"Ni yako," Sahihi alisema.

"Ni yangu."

Mwalimu alikinga chupa, akaijaza, akaifunga. Sahihi aliinuka mwenyewe, akachukua trei yake, akaongoza njia ngazini kwenda kwa meneja.

Meneja alikuwa mtu mpole. Ofisi yake ilikuwa na zulia la rangi ya maziwa lisilo na doa, na mikono yake, iliyokuwa juu ya meza, ilikuwa mikavu na imepakwa losheni. Alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho. Aliangalia daftari, akalisifu. Aliinua chupa ya oili nyekundu kwenye mwanga wa dirisha.

"Kwa hiyo tumekubaliana kwamba injini zetu hazili oili," alisema.

"Oili inapotea."

"Haijapotea, Mama. Umeniletea mwenyewe mezani. Kitu kilichopotea hakiletwi." Aliirudisha chupa juu ya daftari. "Haivuji, haiungui, ipo, na ipo ndani ya majengo ya Kampuni, mikononi mwa mfanyakazi wetu. Wasiwasi wako mkubwa umekwisha."

"Ringi za pistoni zimekaa vibaya. Mnajua."

"Ringi ni suala jingine," meneja alisema kwa upole. "Suala hilo halina fomu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nikuulize. Wewe umewahi kutia sahihi moja ya barua hizi?"

"Hapana. Mimi ni meneja."

"Mwezi wa nane nilikwenda likizo," Sahihi alisema. Alikuwa amesimama karibu na mlango, trei mikononi, akijihadhari na zulia. "Akashika nafasi yangu mtu wa vipuri. Siku ya tatu akaomba trei. Niliporudi, yeye akakauka. Haimtafuti mtu, inatafuta kalamu."

Hayo ndiyo pekee aliyoyasema ghorofani. Mwalimu alichukua ile barua ya lita moja na nusu, akaigeuza ielekee upande wa meneja, akaweka kalamu juu yake. Meneja aliitazama kalamu kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Kisha akachukua rula, akaisukuma kalamu kwa ncha ya rula mpaka ikarudi upande wa Mwalimu, akawashukuru wote kwa muda wao.

Mwalimu aliandika barua kwa ofisi ya serikali inayosimamia haki za wanunuzi, kurasa sita na jedwali. Hakulala vizuri akingoja majibu. Lakini Kampuni haikungoja. Ndani ya mwezi mmoja ukuta wa upande wa yadi ulitobolewa, likawekwa dirisha lenye kivuli, na juu yake bango: MAREJESHO YA OILI, HUDUMA MAALUM KWA WATEJA WETU. Sahihi alipandishwa cheo akawa Mkuu wa Marejesho. Alipewa kiti kinachozunguka na aproni ya mpira. Gari lilisogea, boneti ikafunguliwa, Sahihi akaingiza mkono, akasema maneno mpaka kijiti kikaonyesha kimejaa, gari likaondoka. Kila mmoja alipata oili yake na si ya mwenzake. Mwalimu aliyathibitisha hayo kwa rangi nyekundu mara tatu.

Watu walizoea. Foleni ilikuwa na mshona nguo za harusi, daktari wa meno, mume na mke wenye duka la vioo waliokuja na magari mawili. Walifahamiana, wakaulizana hali za nyumbani. Wengine walimletea Sahihi maji ya moto na asali, maana ikifika saa nne sauti ilikuwa imeshamkauka. Kampuni walijaribu kumpumzisha kwa kumrekodi na kucheza sauti yake kwenye spika. Spika ilisema "ni ya kawaida" siku nzima bila kutoa hata tone. Wakamjaribu mfanyakazi mgeni, aliyekuwa hajaambiwa chochote kuhusu injini. Akasema mpaka akachoka, mkavu. Ilibainika kwamba lazima aseme mtu anayejua. Akarudishwa Sahihi.

Upande wa pili wa yadi, malori yaliendelea kushusha magari mapya ya aina ileile, yakiwa na nailoni kwenye viti.

Jibu la serikali lilikuja baada ya miezi miwili. Lilisema kwamba, kwa kuwa huduma ya marejesho ipo na inafanya kazi kwa kuridhisha, lalamiko limehesabiwa kuwa limetatuliwa. Chini, kando ya sahihi ya ofisa, palikuwa na alama ya kidole, ya oili. Mwalimu aliitoboa barua hiyo, akaifunga kwenye faili.

Kitu kimoja kilibaki ambacho hakukubali. Dirishani palikuwa na fomu, na mteja alitakiwa kuitia sahihi kabla ya kupewa oili yake. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema: Nimerejeshewa oili yangu yote. Ya pili ilisema: Gari langu halina kasoro. Kila alipokuja, Mwalimu alikata ya pili kwa wino mwekundu, akaandika pembeni "Si kweli", ndipo akaitia sahihi ile ya kwanza. Sahihi alizipokea fomu hizo na kuziweka chini kabisa ya rundo, na kwa miezi mitatu hakuna aliyezikuta.

Siku fomu hizo zilipokutwa ilikuwa Ijumaa. Gari lilikuwa na kijiti kikavu na safari ya kilomita tisini mbele yake. Nyuma yao magari kumi na moja yalikuwa yamezima injini. Mzee Ramani alikuwa kwenye kiti cha mbele, ameachia kamba za viatu, kwa kuwa ilikuwa siku ya tatu bila kusafishwa na miguu ilishaanza kudai nafasi.

"Wamesema fomu yenye mkato isipokelewe tena," Sahihi alisema kutoka dirishani. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu. Alikuwa amekonda, na aproni ilimzunguka mara moja na nusu. "Isiyokatwa tu. La sivyo, nisitoe."

"Na wewe utafanyaje nikikataa?"

"Nitatoa, Mwalimu." Alimeza mate. "Halafu Jumatatu atakaa mwingine hapa."

Mwalimu aliitazama fomu. Aliisoma mara mbili, kama alivyowafundisha watoto elfu mbili kusoma swali kabla ya kujibu. Sentensi ya pili haikubadilika. Saa ya dirishani ilionyesha saa moja kasoro dakika ishirini.

"Mke wangu," Mzee Ramani alisema, bila kugeuka. "Tia, twende."

Alitia. Aliandika jina lake lote kwa hati nzuri ya ubaoni, na Sahihi akatazama pembeni mpaka alipomaliza. Kisha akaingiza mkono kwenye injini, akasema alichokuwa akisema, kijiti kikafika kwenye alama.

Hospitali walifika saa mbili kasoro dakika kumi. Mzee alipimwa uzito akiingia, akasafishwa saa zote nne, akapimwa akitoka. Kilo mbili na nusu zilikuwa zimetoka. Muuguzi aliziandika, akasema Baba leo ni kijana. Njiani kurudi Mzee alikuwa mchangamfu, akamwonyesha mkewe vilima alivyovipima zamani na kosa la nyuzi mbili za pembe ambalo wakubwa wake walimkataza kulirekebisha, hata leo shule moja imejengwa nusu yake ndani ya shamba la mtu. Walicheka. Walifika nyumbani jua bado liko juu.

Mwalimu alimvua Mzee viatu, akaingia jikoni kumpimia maji ya kumezea dawa. Aliinua glasi usawa wa macho, akamimina kidogo, akangoja yatulie asome alama. Ndipo alipoona, kwenye pindo la mkono wa kulia wa gauni lake, doa la duara lisilozidi ukubwa wa punje ya mtama. Alilinusa: oili.

"Vipi huko?" Mzee aliuliza kutoka sebuleni.

"Nakuja."

Aliukunja mkono wa gauni mara mbili, akaongeza maji mpaka kwenye alama, akampelekea.